Mshika njia mbili

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kiboksi, kikompyuta kidogo cha Linux kinachotuma data kwa seva yetu kwa waya au kwa modemu ya laini ya simu, laptop magotini, simu nimeibana kwa meno ili tochi imulike, na kile kiboksi kinaniangalia kwa taa mbili za kijani. Moja ya waya, moja ya modemu. Zote zinawaka vizuri tu kama hakuna kilichotokea.

Na kilikuwa hakijatuma kitu kwa saa tisa.

Nikaandika `ip route`, amri ya kuonyesha njia za kutokea, likatoka hili (eth0 ni waya, wwan0 ni modemu):

`default via 192.168.1.1 dev eth0 metric 100`
`default via 10.71.4.1 dev wwan0 metric 700`

Safi kabisa. Njia mbili za kutokea, waya mbele, modemu ya simu nyuma inasubiri zamu yake. Ndo nilivyoipanga mwenyewe, namba ndogo inacheza, namba kubwa inakaa benchi. Nikatuma pingi nje, kipande kidogo cha data kinachosubiri jibu, kimya. Nikasema aa basi waya umekufa, ngoja niuchomoe simu ishike. Nikachomoa kebo, taa ikazima, mstari wa eth0 ukapotea, sasa wwan0 iko peke yake uwanjani. Nikatuma pingi tena.

Kimya.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi zilikuwa zimeponyoka zote mbili, na hakuna taa hata moja iliyosema neno.

## Taa inajibu swali gani

Nianze na waya maana ndo rahisi. Kebo ilikuwa imechomekwa kwenye swichi, swichi ina umeme, kwa hiyo ukisoma `/sys/class/net/eth0/carrier` unapata 1. Hiyo 1 maana yake ni kwamba chipu mbili zilizoko kwenye ncha mbili za kebo zinasikiana. Basi. Haijui kama mbele ya swichi kuna rauta, haijui kama rauta ina njia ya kutoka. Siku ile rauta yenyewe ilikuwa hai na inajibu pingi bila shida, kilichokufa ni kile kilichoko nyuma yake.

Linux haikukosea popote. Iliambiwa eth0 ina 100 na wwan0 ina 700, ikapeleka kila pakiti ya data kwenye 100. Kwenye shimo. Saa tisa nzima bila kuchoka.

Modemu ndo ilinikera zaidi. `mmcli -m 0`, amri ya kuihoji modemu, inasema imeunganishwa, mawimbi mazuri, anwani ipo, lango lipo. Nikakata muunganisho kwa mkono nikaunganisha upya, anwani ikaja nyingine, na pingi zikaanza kurudi kama vile hakuna ugomvi uliokuwepo. Yaani upande wa mtandao wa simu ule muunganisho ulishafutwa zamani, upande wa modemu hakuna aliyepewa taarifa.

Lini ulifutwa? Nilikwenda kuangalia hesabu za wwan0, ni kilobaiti chache tu tangu kiboksi kiwashwe. Na kiliwashwa miezi minne nyuma.

Hapo ndo pameniganda kichwani wiki hizi zote. Waya kufa sio habari, waya zinakufa kila siku. Nililokuwa silielewi ni kwamba nilikuwa najisifia nina njia ya akiba, na ile akiba hakuna mtu aliyewahi kuigusa tangu siku ya kwanza. Unaweza vipi kujua mchezaji wa benchi ana goti zima kama hata mazoezini hafiki?

## Mgonjwa asiyeumwa

Nikaamua kama ni hivyo basi modemu itafanya mazoezi kila siku. Nikaandika skripti fupi, kila dakika inatuma pingi kupitia modemu kwa `ping -I wwan0` hata kama waya uko mzima, zikipotea tatu mfululizo inakata muunganisho wa simu na kuunganisha upya. Nikaipakia mezani kwangu kwenye kiboksi cha majaribio, nikaenda kulala na roho nyeupe.

Asubuhi logi ilikuwa ya aibu. Modemu imerestatiwa usiku kucha. Kila dakika tatu nne, pingi zimepotea, kata, unganisha, pingi zimepotea, kata, unganisha. Wazo la kwanza, modemu mbovu. Nikabadilisha modemu. Wazo la pili, laini mbovu. Nikabadilisha laini. Wazo la tatu nikaanza kuitilia shaka antena, nikaisogeza dirishani, nikaigeuza, mtu akinikuta pale angefikiri natafuta stesheni ya redio.

Siku mbili.

Kilichoniokoa ni uvivu. Nilichoka kubadilisha vitu nikaona bora niangalie pakiti zenyewe, nikafungua `tcpdump -i wwan0 icmp` kwenye dirisha moja na pingi kwenye dirisha la pili. Na pale nikakaa kimya muda mrefu kidogo, maana tcpdump inaonyesha ombi linatoka, jibu linarudi, ombi linatoka, jibu linarudi, na dirisha la pili ping inaniambia asilimia 100 zimepotea.

Jibu lilikuwa linafika mlangoni. Kuna aliyekuwa analitupa nje kabla halijaingia sebuleni.

Kumbe ni `rp_filter`, kichujio cha Linux cha pakiti zinazoingia. Mtu aliyetengeneza mfumo tuliorithi aliiweka 1, yaani hali kali, na kwa kiboksi chenye njia moja ni uamuzi mzuri tu. Pakiti ikiingia, kerneli, moyo wa Linux, inajiuliza, mimi kama ningetaka kumjibu huyu aliyetuma ningepitia wapi? Kwa sababu waya una 100 jibu lake ni eth0. Lakini pakiti imeingia kwa wwan0. Basi inaiona imejifanya, anwani ya uongo hiyo, inaitupa. Bila kelele, bila logi, mpaka uwe umeiomba ikuandikie.

Kwa hiyo modemu ilikuwa mzima wa afya siku zote mbili. Kilichokuwa kinaumwa ni kipimo changu, na kipimo changu kilikuwa na mamlaka ya kuzima modemu.

(Na kama utaenda kurekebisha usifanye kosa langu la pili. Niliweka 0 kwenye wwan0 pekee na hakuna kilichobadilika, nikaanza kujitilia shaka akili. Kerneli inachukua namba kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya intafesi yenyewe, yaani mlango husika wa mtandao, `all` ilikuwa 1, kwa hiyo 0 yangu haikuwa na sauti. Nikaweka 2, hali legevu, inayokubali mradi anayetuma anafikika kwa njia yoyote ile. Pingi zikarudi papo hapo.)

## Kila anwani na mlango wake

Baada ya pale nikakubali kwamba jedwali moja la njia halitoshi. Metriki, zile 100 na 700, inajibu swali moja tu, nani anatangulia. Mimi nilitaka kitu tofauti, kwamba kilichoanza na anwani ya modemu kitoke kwa modemu, kilichoanza na anwani ya waya kitoke kwa waya, wakati wote, bila kujali nani yuko mbele leo.

Linux inalo hilo miaka mingi sana, ni sisi tu tunaliogopa. Unatengeneza jedwali la pili, mimi nililipa namba 200, ndani yake mstari mmoja tu, njia ya difolti kupitia wwan0. Halafu sheria:

`ip rule add from 10.71.4.9 table 200`

Imeisha. Na uzuri wake mwingine, kerneli ikijiuliza lile swali lake la ningemjibu kupitia wapi, inaanzia kwenye anwani hiyo, inakutana na sheria hiyo, inapata wwan0. Inaridhika hata ukiwa kwenye hali kali.

Tatizo ni kwamba anwani ya mtandao wa simu haikai. Kila ukiunganisha upya unapewa nyingine, kwa hiyo sheria lazima iandikwe upya kila mara, na mimi nilikumbuka kuandika mpya nikasahau kufuta ya zamani. Wiki moja baadaye nikaandika `ip rule` nikakuta sheria 41 za jedwali 200, arobaini kati yake ni za anwani ambazo sio zangu tena. Hazikuwa zimeharibu kitu. Ila ilikuwa kama kukuta funguo za nyumba zote ulizowahi kupanga bado ziko mfukoni.

## Njia inahama, mazungumzo hayahami

Sasa kipimo kinasema kweli, modemu inafanya mazoezi, sheria ziko sawa. Nikafanya jaribio la heshima. Sikuchomoa kebo, kuchomoa kebo ni mtihani wa watoto, kila mfumo unaufaulu. Nilikwenda kwenye rauta nikakata mawasiliano ya nyuma yake, kebo ya kiboksi nikaiacha imechomekwa, taa inawaka kijani, uongo ule ule wa usiku ule.

Skripti ikagundua. Ikashusha waya, ikapandisha simu. Sekunde kama arobaini hivi. Nikatuma pingi kutoka kwenye kiboksi, inakwenda. Nikapiga makofi peke yangu.

Halafu nikaangalia seva. Hakuna data. Dakika moja. Dakika tano. Nikaanza kutembea chumbani.

Dakika ya kumi na tano na kitu data ikaanza kuingia, kwa mpigo.

Hii ilinichukua muda kuikubali maana jibu liko wazi mno. Koneksheni ya TCP, mazungumzo ya kompyuta mbili, inajulikana kwa vitu vinne, anwani na poti ya huku, anwani na poti ya kule. Programu yetu inafungua soketi moja, yaani ncha yake ya koneksheni hiyo, na kuishikilia siku nzima, na ile soketi ilizaliwa na anwani ya waya. Njia ikihamia kwa simu soketi haibadilishi anwani, inaendelea kutuma pakiti zenye 192.168 ndani ya mtandao wa simu na mtandao wa simu unazitupa, kwani nani huyu. Programu nayo haijui, inasubiri, kerneli inarudia kutuma, inaongeza muda wa kusubiri, inarudia. Kiwango cha kurudia ni `tcp_retries2`, difolti yake 15, na ukipiga hesabu inakuja kama sekunde 924 kabla ya kukata tamaa.

Ukiwa huna kitu cha kutuma ni mbaya zaidi. Hapo unategemea salamu za kuulizana kama bado upo, na Linux kwa difolti inasubiri sekunde 7200 ndo iulize mara ya kwanza. Saa mbili. Hizo namba hazina ubaya wowote kwa seva iliyokaa kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, zimewekwa na watu wenye subira. Kiboksi cha njia mbili hakiwezi kuwa na subira hiyo.

Kwa hiyo nusu ya kazi ya kubadilisha mtandao haikuwa kwenye mtandao kabisa, ilikuwa ndani ya programu. Tukaweka `TCP_USER_TIMEOUT`, kikomo cha kusubiri jibu, ya sekunde 30, tukashusha zile salamu, soketi ikikaa kimya inauawa na kuzaliwa upya, ikizaliwa upya inachukua anwani ya njia iliyopo. Mistari mitatu ya kodi.

DNS, ile inayogeuza majina kuwa anwani, sitaisema sana maana kila mtu ameshaumia nayo. Ila kama `/etc/resolv.conf` yako bado inamtaja msaidizi aliyeko kwenye mtandao wa waya, jua kwamba kila jina litasubiri sekunde 5, litajaribu tena, ndo likate tamaa, na wewe utasema simu iko taratibu wakati simu haina kosa.

## Haraka kiasi gani

Hapa ndo sikulala vizuri, na hapakuwa na kitu kibovu.

Kiboksi kiamue baada ya muda gani kwamba waya umekufa? Pingi moja ikipotea sio kifo, pingi zinapotea. Ukiwa na papara kitaruka kwenda simu, waya urudi, kirudi, kiruke tena, na kila kuruka ni soketi zinakufa na data ya bando inaliwa. Ukiwa mpole sana unarudi kwenye saa tisa.

Mwanzoni niliweka namba moja kwa pande zote mbili, mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, kwa sababu inapendeza kwa macho. Baada ya wiki nikaona ni ujinga. Kuondoka na kurudi havina uzito mmoja. Kukaa kwenye njia iliyokufa kunanigharimu data ambayo labda haitarudi, kukaa kwenye simu dakika kumi za ziada kunanigharimu bando kidogo. Sasa kinaondoka baada ya mara tatu, na kinarudi baada tu ya waya kukaa mzima dakika kumi bila kukohoa hata mara moja. Aliyekuacha njiani mara moja anatazamwa kwanza kabla ya kupewa tena mzigo.

Na kumuuliza nani? Ukiuliza rauta, rauta itasema niko hai, na ilikuwa hai usiku ule wote. Ukiuliza anwani moja maarufu ya nje, siku hiyo anwani ikiamua kutojibu pingi kiboksi kitadhani dunia imeisha. Nimeishia kuuliza seva yetu wenyewe kwanza, maana kama seva yetu haifikiki sina faida na intaneti nyingine yote, na mbili za nje kama mashahidi, ili nitofautishe seva kufa na njia kufa. Seva ikifa hakuna haja ya kuhama, utahama uende wapi.

## Mstari mmoja

Sasa hii sehemu naiandika kwa sababu nataka kusema ukweli.

Zile namba 100 na 700 za mwanzo sikuziweka mimi. Nimesema niliipanga mwenyewe, si kweli, ni difolti za NetworkManager, programu inayosimamia mitandao kwenye Linux, waya 100, wifi 600, modemu 700, mimi nilizikuta nikazipenda. Na wiki ya tatu, skripti yangu imeshafika mistari mia mbili na kitu, nikawa nasoma mwongozo wake nikitafuta jambo lingine kabisa, nikakutana na sehemu inaitwa `[connectivity]`.

Unaipa anwani ya ukurasa mmoja mdogo. NetworkManager inauomba kupitia kila intafesi kila baada ya muda. Intafesi ikishindwa, metriki yake inaongezewa 20000. Yaani waya wenye 100 unakuwa 20100, na 700 ya simu inashinda. Ukipona, 20000 inaondolewa.

Ndo kile kile. Nilichokuwa najenga kwa wiki tatu kilikuwa ndani ya kiboksi tangu siku ya kwanza, kimezimwa, kwa sababu hakuna mtu aliyeandika mstari wa `uri=`.

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaanza kuihesabia kasoro ili nijisikie vizuri, difolti yake inakagua kila sekunde 300 (inabadilishika), haina ile kwenda haraka kurudi polepole niliyoitaka, na modemu ikiganda inaiongezea tu metriki, haitaifufua. Hiyo ya mwisho ni kasoro ya kweli. Kwa hiyo nikafuta kama nusu ya skripti, nikaacha NetworkManager iamue nani yuko mbele, nikabaki na kipande cha kuifufua modemu na kile cha dakika kumi. Kufuta kodi yako mwenyewe inayofanya kazi kunauma kuliko kuiandika.

Najua kuna njia za kisasa zaidi. MPTCP inaweza kubeba mazungumzo yale yale juu ya njia mbili kwa pamoja, na WireGuard haijali anwani yako imebadilika, upande wa pili unakufuata ulikohamia. Zote mbili ziliingia rasmi kwenye kerneli kwa toleo la 5.6 mwaka 2020. Kiboksi chetu kina 4.19 na ndo hivyo.

## Asiyetaka kurudi

Wiki iliyopita waya ulikatika kweli, sio jaribio. Kiboksi kikahama chenyewe usiku, waya ukarudi alfajiri, kikangoja dakika zake kumi, kikarudi. Nilisoma yote kwenye logi nikiwa nimekaa.

Siku tatu baadaye bando la laini likaisha.

Jedwali linasema waya uko mbele, metriki 100, na ni kweli kila kitu kipya kilikuwa kinatoka kwa waya. Isipokuwa ile soketi moja. Ilizaliwa usiku ule na anwani ya modemu, na ile sheria yangu nzuri ya jedwali 200 inasema kilichoanza na anwani ya modemu kitoke kwa modemu. Kwa hiyo haikufa. Ilikaa pale inapeleka data zote za kiboksi kupitia simu siku tatu, mzima wa afya, haina sababu hata moja ya kukatika. Bila ile sheria ingekosa hewa na kuzaliwa upya kwenye waya ndani ya nusu dakika.

Nikasema sawa, waya ukirudi tutaziua soketi zote zenye anwani ya modemu kwa `ss -K`. Nikaandika, nikajaribu, amri ikaisha bila kosa lolote. Soketi bado ipo. Nikajaribu tena, bado ipo. Kumbe kuua soketi kwa namna hiyo kunahitaji kerneli iliyojengwa na `CONFIG_INET_DIAG_DESTROY`, yetu haina, na `ss` ikikutana na soketi isiyoweza kuiua inaipita tu kimya kimya.

Taa ya kijani nyingine.

Kwa sasa skripti inaipigia programu ishara, programu inafunga soketi yenyewe na kufungua mpya, inafanya kazi ila sipendi mtandao kutegemea adabu ya programu. Kerneli nyingine inajengwa hapa pembeni wakati naandika, ina ule mstari uliokosekana. Feni ya laptop inalia kama pikipiki.